Mwongozo Kamili: Kuandika Draiva Huria, Kuipa Leseni na Kuichangia kwa Lakabu

Draiva ni programu inayokaa kati ya kompyuta na kifaa, ikitafsiri amri za upande mmoja ziwe ishara ambazo upande wa pili unazielewa. Printa isiyo na draiva ni plastiki na nyaya tu, hata ikiwa nzima kabisa. Mtengenezaji anapoamua kwamba kifaa chake kimepitwa na wakati huacha kuitunza draiva yake, na ikiwa msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulifungwa, kifaa hufa siku mfumo endeshi mpya unapoikataa draiva ya zamani. Kwetu Afrika Mashariki, ambako kompyuta nyingi za shule na ofisi hufika zikiwa zimeshatumika kwingine kwa miaka kadhaa, hasara hiyo hutuangukia sisi kuliko wale walionunua vitu hivyo vikiwa vipya.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kukichukua kifaa kisicho na draiva huria, kukichunguza kwa njia halali, kukiandikia draiva ya mfumo endeshi wa Linux, kuipa draiva hiyo leseni inayofaa, na kuitoa kwa umma bila kutaja jina lililo kwenye kitambulisho chako. Sababu za kulificha jina ni nyingi na nyingi kati yake ni za heshima: wapo wanaoandamwa mtandaoni kila wanapojulikana kuwa ni wanawake, wapo wanaoishi mahali ambapo kujitokeza ni hatari, na wapo wanaotaka tu kazi yao ya usiku isichanganywe na ya mchana.

Kabla ya hatua yoyote, ipo tofauti moja ambayo yote yanayofuata yanaitegemea, nayo ni tofauti kati ya kutokuwa na jina kabisa na kuwa na lakabu. Wasomaji wa kurasa za mashairi katika magazeti yetu wanaijua tofauti hii tangu zamani. Mshairi aliyejiita kwa lakabu alijibiwa kwa lakabu hiyo, akatakiwa kuitetea hoja yake kwa lakabu hiyo, na shairi lake likipungukiwa na vina, aibu ilikuwa juu ya lakabu ileile. Barua iliyotupwa bila jina lolote haikuwa na wa kuulizwa.

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, imefikia msimamo huohuo, ingawa iliuchukua muda. Mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM ikidai kwamba msimbo wake ulikuwa umeingizwa ndani ya Linux, na mwaka uliofuata Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaanzisha utaratibu wa kila mchangiaji kutia saini tamko la asili ya msimbo, linalojulikana kwa kifupi kama DCO. Saini yenyewe ni mstari mmoja tu mwishoni mwa maelezo ya kiraka, yaani badiliko la msimbo linalotumwa, unaoanza kwa maneno "Signed-off-by" na kufuatwa na jina na anwani ya barua pepe. Kwa miaka mingi maelekezo ya kerneli yalidai jina halisi na kuzikataa lakabu waziwazi. Mwaka 2023 maneno hayo yalibadilishwa, na sasa kinachotakiwa ni utambulisho unaojulikana, huku michango isiyo na mwenyewe ikiendelea kukataliwa. Kipindi hichohicho, sehemu ya kerneli ya draiva ya michoro ya kompyuta za Apple zenye chipu ya M1 ilikuwa ikiandikwa katika mradi wa Asahi Linux na mtu anayejulikana kwa umma kama Asahi Lina pekee, na kazi hiyo ilijadiliwa na wasimamizi wa kerneli kwa uzito uleule wa kazi ya mtu mwingine yeyote.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba msimbo ni wako kuutoa

Leseni huria inasimama juu ya hakimiliki. Anayetoa leseni ni mwenye haki, na asiye na haki hana cha kutoa, hata akiandika jina la leseni kwa herufi kubwa kiasi gani. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani mmiliki wa unachokiandika. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kwa mfano, inaihesabu kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika utekelezaji wa ajira yake kuwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa pale mapatano yao yanaposema vinginevyo, na nchi nyingi zina kanuni inayofanana na hiyo. Mikataba mingine huenda mbali zaidi na kudai hata yale mfanyakazi anayoyaandika nyumbani kwake.

Lakabu haiponyi tatizo hili, bali hulifunika, na siku likifunuka watakaoumia ni watumiaji wa draiva ambao hawakujua lolote. Soma mkataba wako wa kazi au kanuni za chuo chako kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Ikibidi kuomba ruhusa, iombe kwa maandishi na kwa maneno mapana, kwamba unaruhusiwa kuchangia programu huria nje ya saa za kazi kwa kutumia vifaa vyako mwenyewe. Ruhusa ya namna hiyo haikulazimu kutaja mradi wala lakabu yako, na barua moja yenye saini ya mkuu wako, ukiihifadhi vizuri, ina thamani kuliko mabishano ya miaka mitano baadaye. Ikiwa uliwahi kusaini hati ya kutunza siri za mtengenezaji wa kifaa hichohicho, mwachie mtu mwingine kifaa hicho.

Hatua ya pili: kichunguze kifaa bila kunakili

Kwanza hakikisha kwamba kazi haijafanywa tayari. Chomeka kifaa, andika amri ya lsusb ikiwa ni cha USB au lspci ikiwa ni kadi ya ndani, kisha chukua namba mbili za utambulisho zinazoonekana, ya mtengenezaji na ya bidhaa, uzitafute ndani ya msimbo wa kerneli. Mara nyingi utagundua kwamba kifaa chako ni pacha wa kingine chenye draiva tayari, na kinachokosekana ni mstari mmoja wa kuiongeza namba yake kwenye jedwali. Mchango wa mstari mmoja si mdogo, na kwa anayeanza ndio mlango bora wa kuingilia.

Ikiwa hakuna kitu, sikiliza mazungumzo. Nilijifunzia kazi hii kwa mizani ya kidijitali ya USB ambayo mtengenezaji wake alitoa programu ya Windows peke yake. Njia niliyoitumia ni ya kawaida kabisa: Windows iliwekwa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, juu ya Linux, mizani ikakabidhiwa kwa mashine hiyo pepe, na upande wa Linux nikapakia moduli (kipande kinachoongezwa kwenye kerneli) ya usbmon na kufungua Wireshark ili kurekodi kila baiti iliyopita. Kisha nikaweka mawe ya mizani moja baada ya jingine. Kwa gramu 500 zilionekana baiti F4 na 01 zikifuatana, kwa gramu 1000 zikawa E8 na 03, na kwa gramu 2000 zikawa D0 na 07. Anayejua hesabu za heksadesimali, yaani za msingi wa 16, ataona mara moja kwamba uzito unasomwa kwa gramu na kwamba baiti ndogo hutangulia. Nilichobaki kukitafuta ilikuwa ni amri ya kurudisha sifuri na alama ya kuonyesha kwamba uzito umetulia.

Kurekodi mazungumzo ya kifaa ulichokinunua mwenyewe ni jambo jepesi kisheria kuliko kuifumua programu ya mtengenezaji ili kuusoma msimbo wake wa ndani. Huko pia sheria za nchi mbalimbali hutoa nafasi: agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2009 kuhusu programu za kompyuta linaruhusu kufumua kwa ajili ya kuwezesha programu mbili kufanya kazi pamoja, kwa masharti yaliyotajwa, na nchini Marekani kesi ya Sega dhidi ya Accolade ya mwaka 1992 ilielekea upande huohuo. Nafasi hizo hazifanani kila mahali, kwa hiyo ushauri wangu ni kubaki kwenye kurekodi kwa kadiri inavyowezekana, na kutofungua kabisa msimbo uliovuja, hata ukiletewa na rafiki. Ukishausoma huwezi kujisahaulisha.

Pale kufumua kunapokuwa hakuepukiki, watenganishe watu. Draiva ya kadi za Wi-Fi za Broadcom iliyoingia kwenye Linux mwaka 2006 ilipatikana kwa njia hiyo: kundi moja lilichunguza draiva iliyofungwa na kuandika maelezo ya namna kadi inavyofanya kazi, na kundi jingine likaandika draiva mpya kutokana na maelezo hayo tu, bila kuiona ile ya zamani.

Weka daftari. Andika tarehe, ulichokifanya, baiti ulizoziona na ulichokisia, pamoja na makisio yaliyokwenda upande. Daftari hilo ndilo litakalokuwa ushahidi wako kwamba msimbo umetoka kichwani mwako, na kwa mtu anayetumia lakabu ushahidi huo una uzito mara mbili.

Hatua ya tatu: anza nje ya kerneli

Watu wengi hukimbilia kerneli kwa sababu ina jina kubwa. Mizani niliyoitaja haikuhitaji kuingia huko: programu fupi iliyotumia maktaba ya libusb ilitosha, na kosa ndani yake haliwezi kuizima kompyuta nzima. Kama kifaa chako kinahitaji kusomwa na programu moja tu, kiache nje ya kerneli, na wasimamizi wa kerneli wenyewe watakuambia hivyo. Kadi za mtandao, sauti, skrini na diski ndizo zenye haja ya kuwa ndani, kwa kuwa programu zote zinategemea kuzikuta hapo zikiwa na sura moja. Hata kwa vifaa hivyo, jaribio la kwanza lililofanyika nje hukufundisha kifaa haraka na bila hofu.

Hatua ya nne: chagua leseni

Leseni huria ni za namna mbili kuu. Zipo zinazoruhusu karibu kila kitu mradi jina la mwandishi na maneno ya leseni yabaki, kama MIT na zile za familia ya BSD, na zipo zinazomtaka anayesambaza programu awape wapokeaji msimbo wake chini ya masharti yaleyale, kama GPL iliyoandikwa na Richard Stallman. Hoja ya Stallman, kama inavyojulikana, ilizaliwa na printa: alipokuwa akifanya kazi kwenye maabara ya chuo kikuu cha MIT, alinyimwa msimbo wa draiva ya printa ya Xerox, na hivyo akashindwa kuiongezea uwezo wa kuwajulisha watu karatasi zinapokwama. Suala la draiva, basi, lipo kwenye chimbuko lenyewe la programu huria.

Kwa draiva inayoingia kwenye kerneli ya Linux uchaguzi wako ni mwembamba. Kerneli iko chini ya GPL toleo la 2 pekee, toleo la mwaka 1991, bila ile ruhusa ya kutumia toleo lolote la baadaye. Msimbo utakaouingiza lazima uafikiane na leseni hiyo. MIT na BSD za kisasa zinaafikiana nayo. GPL toleo la 3 ya mwaka 2007 haiafikiani nayo, wala leseni ya Apache 2.0, kwa hiyo usichukue kipande kutoka kwenye mradi wenye leseni hizo ukakibandika ndani ya draiva yako, hata kama miradi yote miwili ni huria. Nimeona wachangiaji hodari wakirudishwa nyuma miezi mizima kwa sababu ya faili moja iliyochukuliwa mahali pasipofaa, na hakuna kinachovunja moyo kama kuandika upya kitu ambacho tayari kilikuwa kinafanya kazi.

Pendekezo langu kwa draiva ya kerneli ni GPL toleo la 2, au leseni mbili kwa pamoja, MIT na GPL, ikiwa unataka mifumo endeshi ya familia ya BSD nayo iweze kuichukua. NVIDIA ilipofungua moduli zake za kerneli mwezi Mei mwaka 2022 ilitumia jozi hiyohiyo. Kwa programu ya nje ya kerneli uko huru zaidi, kwa kuwa maelezo ya leseni ya kerneli yanatamka wazi kwamba programu zinazotumia huduma zake kwa njia ya kawaida hazihesabiwi kuwa zimetokana nayo. Mimi ningechagua GPL toleo la 3 kwa programu kamili, na kwa maktaba ambayo ningependa hata watengenezaji waitumie ningechagua MIT.

Leseni huandikwa mahali zaidi ya pamoja, na sehemu hizo lazima zisigongane. Mstari wa kwanza wa kila faili huwa ni alama ya SPDX, kwa mfano "SPDX-License-Identifier: GPL-2.0-only", ambayo mashine huisoma bila kubahatisha. Kwenye mwisho wa faili kuu huwekwa MODULE_LICENSE, yenye thamani kama "GPL" au "Dual MIT/GPL". Tamko hili la pili lina nguvu ya utekelezaji: huduma za ndani ya kerneli zilizotangazwa kwa EXPORT_SYMBOL_GPL hazipatikani kwa moduli isiyojitambulisha kuwa na leseni inayokubalika, na moduli iliyofungwa huifanya kerneli ijitie alama kwamba imechafuliwa, jambo linalowafanya wasimamizi wengi wakatae kushughulikia hitilafu zake.

Kisha kuna femwea, yaani programu inayoendesha chipu ya kifaa kutokea ndani yake. Vifaa vingi haviamki mpaka draiva iwapakie faili hiyo, na faili hiyo ni ya mtengenezaji. Draiva ya Broadcom niliyoitaja ilikuwa huria kabisa, lakini femwea yake haikuruhusiwa kusambazwa, hivyo kila mtumiaji alilazimika kuichomoa mwenyewe kutoka kwenye draiva iliyofungwa kwa chombo kilichoitwa bcm43xx-fwcutter, na baadaye b43-fwcutter. Usiiweke femwea ya mtu ndani ya mradi wako bila ruhusa ya maandishi. Iandikie draiva yako namna ya kuiomba faili hiyo kwa jina, eleza mahali mtumiaji anapoweza kuipata kihalali, na mwombe mtengenezaji airuhusu kuingia kwenye hazina ya linux-firmware. Lugha ya barua hiyo iwe ya staha na fupi. Huombi msimbo wake, unaomba ruhusa ya kunakili tu, na wapo wanaokubali.

Hatua ya tano: ijenge lakabu yako kabla ya kuihitaji

Anza kwa kujiuliza unajificha kwa nani. Anayetaka tu jina lake lisionekane kwa mwajiri wa kesho anahitaji lakabu, anwani mpya ya barua pepe na umakini wa wastani. Anayejificha kwa mtu mwenye uwezo wa kudai kumbukumbu za kampuni ya mtandao anahitaji pia Tor, mtandao unaoficha mtumiaji anatokea wapi, na pengine mfumo kama Tails usioacha alama kwenye kompyuta, na anapaswa kuishika nidhamu hiyo tangu dakika ya kwanza, kwa kuwa kosa moja la siku ya kwanza hubaki hata baada ya miaka mitano ya uangalifu.

Lakabu yenyewe iwe mpya, isiwe ile uliyoitumia kwenye michezo au mitandao ya kijamii, na isiwe jina la mtu halisi mwingine. Tengeneza akaunti tofauti ya mtumiaji ndani ya kompyuta yako kwa ajili ya kazi hii tu, ili historia, funguo na mipangilio visikutane kamwe na vile vya jina lako la kawaida. Ndani ya akaunti hiyo weka jina na barua pepe kwa amri ya git config (Git ni chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya msimbo), kisha zikague rekodi zako kwa git log --format=fuller, ambayo huonyesha mwandishi na aliyeingiza kila badiliko kando kando. Wengi hubadilisha la kwanza na kulisahau la pili.

Git huandika pia saa, pamoja na ukanda wa saa. Mtu anayejiita jina la Kinorwe lakini kila badiliko lake lina alama ya +0300 wakati wa baridi kali ya Ulaya amekwisha kusema kwamba huenda yuko Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au nchi nyingine ya ukanda huohuo. Weka TZ=UTC, yaani saa ya kimataifa, katika mazingira ya akaunti yako ya lakabu, na ukumbuke kwamba saa za kufanya kazi zenyewe husimulia: ukituma kila siku saa mbili usiku na kunyamaza kila mwezi wa Ramadhani au kila wiki ya mitihani, anayehesabu ataona.

Jina hujificha pia mahali pasipotarajiwa. Lipo kwenye mstari wa hakimiliki juu ya faili, lipo kwenye MODULE_AUTHOR ambayo mtu yeyote huisoma kwa amri ya modinfo, lipo kwenye njia za faili zilizobaki ndani ya programu iliyokusanywa, kama vile /home na jina lako la kuzaliwa, na lipo kwenye picha ya bodi ya kifaa uliyoipiga kwa simu ambayo huenda imebeba mahali ilipopigwa. Vichwa vya barua pepe navyo vinaweza kubeba anwani ya mtandao uliotumia. Jitumie kwanza kiraka mwenyewe kwenye sanduku jingine na ukisome kizima, pamoja na vichwa vyake vyote.

Mwisho wa hatua hii, tengeneza ufunguo wa saini ya kidijitali kwa lakabu hiyo na uutumie tangu mchango wa kwanza, kwa sababu ufunguo ndio unaothibitisha kwamba wa leo ni yuleyule wa jana. Siku moja unaweza kuhitaji kuithibitisha kazi yako mbele ya watu wasiokujua. Harald Welte alifanikiwa mjini Munich mwaka 2004 kuilazimisha kampuni iliyouza ruta zenye msimbo wake kufuata GPL. Christoph Hellwig, mchangiaji wa kerneli, katika kesi yake ya namna hiyohiyo dhidi ya kampuni ya VMware mjini Hamburg, alishindwa mwaka 2016 na tena mwaka 2019 kwa kuwa mahakama haikuridhika na uthibitisho wa sehemu zipi hasa za msimbo zilikuwa zake, naye alikuwa akitumia jina lake halisi. Mkataba wa Berne wa hakimiliki unazilinda kazi zisizo na jina na zenye lakabu, na unampa mchapishaji ambaye jina lake limo kwenye kazi uwezo wa kumwakilisha mwandishi aliyejificha. Kwa hiyo fikiria mapema kama ungependa kuwa na mtu au taasisi unayoiamini ya kusimama kwa niaba yako.

Hatua ya sita: tia saini na utume

Kabla ya kutia saini lisome tamko la DCO, toleo la 1.1, ambalo halizidi ukurasa. Unathibitisha kwamba ama umeandika mwenyewe na una haki ya kutoa, ama umejengea juu ya kazi yenye leseni inayofaa, ama umepokea kutoka kwa mtu aliyethibitisha hayo. Kifungu cha nne ndicho kinachomhusu zaidi msomaji wa mwongozo huu: unakubali kwamba mchango ni wa umma na kwamba kumbukumbu yake, pamoja na taarifa zote binafsi ulizoziwasilisha, itahifadhiwa bila kikomo na inaweza kusambazwa. Hakuna ofisi ya kuomba ifutwe. Ukikosea jina leo, litakuwa limenakiliwa kwenye maelfu ya kompyuta kabla hujaamka.

Miradi mingine haitumii DCO bali hutaka mchangiaji atie saini hati ya kuhamisha au kushiriki hakimiliki, kama kihariri cha maandishi cha GNU Emacs kinavyoendelea kufanya kwa michango mikubwa, na huko jina la kisheria huhitajika na taasisi inayopokea. GCC, programu ya kukusanya msimbo, ililegeza sharti hilo mwaka 2021 na kuikubali DCO. Uliza kabla ya kuandika.

Kwa kerneli, mfuatano wa kazi ni huu: unaandika badiliko moja lenye jambo moja, unaliingiza kwa git commit -s ambayo huongeza saini yenyewe, unatoa kiraka kwa git format-patch, unakipitisha kwenye scripts/checkpatch.pl kinachokagua mtindo, unauliza scripts/get_maintainer.pl wahusika ni akina nani, kisha unakituma kwa git send-email kama maandishi matupu. Maelezo ya kiraka yawe na sababu kuliko matendo. Eleza kifaa ni kipi, ulijuaje namna kinavyofanya kazi, na ulikijaribu kwa njia gani. Sentensi moja inayosema kwamba itifaki ilipatikana kwa kurekodi mawasiliano ya USB, bila kusoma msimbo wa mtengenezaji, huondoa nusu ya maswali.

Tegemea kuchunguzwa kwa ukali, na usiuchukulie ukali huo kama dharau kwa lakabu yako. Mwezi Machi mwaka 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili, uliopandwa na aliyejiita Jia Tan baada ya kuujengea mradi huo uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili. Jina hilo lilikuwa na sura ya jina la mtu, na sura hiyo haikumlinda yeyote. Sehemu ya hila ilikuwa imefichwa ndani ya faili za majaribio zisizosomeka kwa macho. Funzo lake kwa mwenye lakabu ni la vitendo: tuma vipande vidogo vinavyosomeka, usitume kamwe faili za baiti ambazo msomaji hawezi kuzizalisha upya, na usimharakishe msimamizi aliyechoka.

Hatua ya saba: baki ukipatikana

Utambulisho unaojulikana hudumu kwa kujibu. Swali likija, lijibu ndani ya siku chache, rekebisha, tuma toleo la pili ukieleza kilichobadilika, na shukuru kwa ukaguzi hata uliokukera. Draiva ikikubaliwa, jina lako la lakabu litaingia kwenye faili ya MAINTAINERS na ripoti za hitilafu zitakufuata kwenye anwani uliyoiandika, kwa hiyo usiitelekeze anwani hiyo: iliyokufa inaweza kusajiliwa na mwingine, ambaye atapokea barua zako na kujibu kwa jina lako. Ukitaka kupumzika, tuma kiraka cha kujiondoa au cha kubadilisha hali ya draiva kuwa yatima, ili mwingine ajue kwamba nafasi iko wazi.

Ikiwa kifaa chenyewe ni cha kwako, umekibuni na unataka michoro yake pia iwe huria, leseni za programu hazitoshi. CERN, taasisi ya Ulaya ya utafiti wa fizikia, ilitoa mwaka 2020 toleo la pili la leseni yake ya vifaa huria, lenye aina tatu: ya masharti makali, ya wastani, na ya ruhusa pana. Namba ya utambulisho ya USB, ambayo kwa kawaida huhitaji ada kubwa, inaweza kuombwa bila malipo kwa miradi huria kupitia pid.codes, chini ya namba ya mtengenezaji 1209.

Na kama siku moja utaamua kujitaja, Git ina faili iitwayo .mailmap ambayo huunganisha majina na anwani za mtu mmoja, hivyo kwamba kiraka cha mstari mmoja kinatosha kuifanya kazi yote ya lakabu ionekane chini ya jina lako. Kitie saini kwa ufunguo wa lakabu, ukitume kutoka kwenye anwani ya lakabu, na subiri wiki moja kabla ya kukituma, kwa sababu njia hiyo haina ya kurudia.